Simba Wako Anaenda Wapi?

Siku ya kwanza kupanda ngazi za msee wa tatuu hapa Kitengela, yaani Kite, juu ya kinyozi, nilikuwa nimejipanga. Doh iko, picha iko kwa simu, beste yangu wa kunishika mkono kukiwa kubaya pia yuko. Picha ni ya simba. Nikamshow, "Mzito, weka hapa," nikanyoosha mkono wa kushoto, kati ya kiwiko na kiganja. Akacheki simu. Akacheki mkono. Kisha akauliza swali moja yenye ilinirudisha keja siku hiyo bila hata tone la wino: "Huyu simba anaenda wapi?"

Nikacheka. Simba ya kuchorwa itaenda wapi, Namanga?

Jamaa hakucheka. Alinisimamisha mbele ya kioo, mikono chini, mabega yamelegea, venye mtu husimamanga stegi akingoja mat. Akanipaka dioda, akabandika ile karatasi ya stenseli, akaitoa, ikaacha simba wa zambarau. Nikageuka kando nijione. Zii. Mimi nimeangalia dirisha, simba ameangalia mlango. Nikipiga hatua mbele, yeye anarudi nyuma. Ni kama nimebeba mnyama mwenye anahepa mwili yangu.

"Si umeona," akasema. Akachukua pamba na spiriti, akafuta.

Wasee wa nganya walichanuka hii maneno kitambo. Simama Namanga Road mangware, ucheki mat za 110 zikienda tao. Ukiona yenye imechorwa chui ubavuni, ngoja ipite ucheki ubavu wa pili. Msanii mwenye anajua kazi anachora chui yule yule, lakini anamgeuza, ndio upande wa dere aangalie mataa ya mbele na upande wa makanga pia aangalie mataa ya mbele. Asipogeuza, upande mmoja mnyama anasonga na gari, upande ule mwingine anarivasi. Hata jeshi ya Marekani iko na hiyo sheria. Bendera ya bega la kulia wanaishona imegeuzwa, nyota zikae mbele, ju askari akitembea bendera inafaa kukaa ni kama yeye ndio anaipeleka vitani, si ni kama anatoka nduki nayo.

Mwili pia uko na mataa ya mbele. Pua, magoti na vidole vya miguu vyote vinaangalia upande moja. Mnyama akikaa nje ya mkono, kwa paja ama kwa shavu la mguu, kichwa kinafuata pua yako. Kifuani ndio hesabu inabadilika, ju hapo mbele yako ni uso wa mwenye anakuangalia. Hapo mnyama anageukia katikati, kwa mfupa wa kifua. Simba ya titi la kushoto ikiangalia kwapa inakaanga ni kama imenuna ikatoka kwa sherehe. Ukitaka kuona hii kitu imefanywa fiti, cheki jalada la pasipoti yako. Ile nembo ya Kenya iko na simba wawili, mmoja kila upande, na wote wameangalia ngao yenye jogoo ameshika shoka. Hakuna mwenye ameipea mgongo.

Sasa kuna ile ngori ya juu na chini. Wasee wengi wanataka tatuu ya mkono ikae sawa wakiiangalia wao wenyewe, wameinua mkono ni kama wanacheki saa. Ukiteremsha mkono, ndovu wako anasimama kwa kichwa. Nimeskia mabishano ya hii kitu mpaka usiku: "Ni yangu, mimi ndio nafaa kuisoma." Sawa, kama ni jina la shosh yako, soma. Lakini mnyama ako na miguu, na miguu inataka chini. Mkono ukining'inia, chini ni upande wa vidole. Mi nasimama hapo na sitoki.

Na usikubali kuamua kwa kioo peke yake, ju kioo inageuza kushoto ikuwe kulia. Kamera ya selfi pia mara nyingi inakuonyesha vile kioo inafanya. Beste akupige picha na kamera ya nyuma, umesimama, halafu ukitembea, halafu umekaa chini. Stenseli ni ya kufutwa. Msee wa sindano mwenye anakasirika ukimwambia abandike mara ya nne, beba doh zako uhepe.

Beste yangu, ule wa kunishika mkono, ndio ushahidi wa kutosha. Yeye alichorwa huko Nai miaka kadhaa imepita, chui wa kuparamia, kichwa kimekalia ndani ya kiwiko, pale mkono unajikunja. Akinyoosha, chui anakutolea macho. Akiinua chupa ya soda, jicho moja linafunga. Base nzima tunamwitanga Konyezo. Mahali pa kukunja si pa sura. Weka mkia hapo, weka majani, weka mgongo, lakini macho yakae kwa nyama yenye haisongi sana. Na mnyama mrefu apewe mfupa mrefu. Twiga anataka muundi ama ubavu, hawezi toshea kwa bega bila kuinama kama mtu ako ndani ya mat. Nyati na kifaru ni wapana, hao wape mgongo, paja ama kifua.

Kuchora wanyama kwa ngozi si maneno ya Instagramu. Kuna jamaa wa Misri ya zamani, maiti yake ilikauka kwa mchanga wa Gebelein, saa hii ako British Museum kule London. Ako na zaidi ya miaka 5,000. Kwa mkono wake wa kulia, juu, kulikuwa na doa jeusi tu lenye hakuna mtu alijali, mpaka walipompiga picha za miale ya infraredi na mwaka wa 2018 wakatangaza kenye waliona: fahali wa mwituni na kondoo wa porini, wamechorwa kwa ngozi, mmoja amemgusa mwenzake kidogo. Yaani hizo ni kati ya tatuu za zamani zaidi za picha zenye zinajulikana duniani, na ni za Mwafrika, na ni za wanyama, na ziko juu ya mkono, pale pale wasee wa Kite wanaulizianga.

Kilichonitoa kwa mkono mimi ni BCG. Hapa Kenya hiyo chanjo tunadungwa tukiwa watoi, mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Kwa watu wengi inaacha kadoa. Yangu ilivimba ikakuwa kama punje ya mahindi, inang'aa. Jamaa alipitisha kidole hapo akanyamaza. Kisha akaniuliza kama masikio yangu yaliwahi vimba, kama nina kovu kifuani. Ngozi nyeusi inajua kujaza kovu kupita kiasi, na kuna mahali inapenda zaidi: kifua, mabega, mgongo wa juu, masikio, taya. Sindano inaweka wino kama milimita moja hivi ama mbili ndani, na hiyo ni jeraha, usidanganywe na mahewa yenye anakuchezea. Kama mwili wako unajaza makovu, simba wa kifua anaweza amka akiwa na milima. "Na hata usipovimba," akasema, "sura ya simba inaangukia hiyo alama. Atakuwa na chunusi."

Aliongeza ingine yenye wasee wengi hawaambiwi. Picha yangu ilikuwa na singa za nywele elfu, nyembamba nyembamba, ya kuchorwa na penseli. Wino haukai mahali uliwekwa, unatambaa polepole na miaka. Kwa ngozi yetu laini nyembamba zikikaribiana zinageuka moshi. Yeye anataka laini nene, kivuli cheusi, na sehemu kubwa zenye hazijaguswa kabisa, ndio rangi yako mwenyewe ikuwe mwanga. Rangi nyeupe alisema nisahau. Pia jua la huku, vumbi ya huku, na maji ya chumvi ya borehole, vyote vinatesa tatuu mbichi. Msee wa boda mwenye mikono iko nje kutoka asubuhi mpaka giza, wino wake unazeeka haraka kuliko wa dame wa ofisi.

Nikaenda Isinya wikendi kwa kina beste. Yeyo wake ni mama ya mbuzi na ng'ombe, ana zile alama mbili za duara kwa mashavu, za kuchomwa na chuma akiwa mtoto, moja kila upande, zimelingana kama macho. Nilimwinamia, akanigusa kichwa, tukakunywa chai. Beste, kwa ufala wake, akamwonyesha picha: "Yeyo, huyu anataka kuchora olng'atuny kwa mwili."

Yeyo alishika simu mbali kidogo na macho. Nilidhani ataniambia nitachomeka jehanamu, ju hiyo ndio ngoma ya mathe yangu. Badala yake akauliza, "Amekuja kwetu ama anarudi?"

Sikujua nijibu nini. Huku simba si picha ya ukutani. Nairobi National Park, tangu 1946, imezungushiwa ua pande tatu, lakini kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, iko wazi, na wanyama wakifuata nyasi wanashuka mpaka kwa hizi boma. Juni 2012, hapa Ilkeek-Lemedungi, simba sita waliuawa kwa mikuki baada ya kuingia kwa mifugo. Machi 2016, karibu na Isinya yenyewe, Mohawk, simba dume mwenye singa zilisimama kiduku hadi akapewa jina, alipotea nje ya mbuga, umati ukamzunguka, akajeruhi mtu, maaskari wa KWS wakampiga risasi. Picha kwa simu yangu ilikuwa ya kiduku hicho. Na ni huku huku Kitengela kijana Richard Turere, mtoto wa kuchunga ng'ombe za babake, alinotisi simba wanaogopa taa yenye inatembea, akaunganisha betri kuukuu ya gari na kidude cha indiketa ya pikipiki, taa zikawa zinawaka kwa zamu usiku. Mwaka wa 2013 alienda kusimulia hiyo kitu kwa jukwaa la TED, Marekani. Nia yake haikuwa kuua simba. Alitaka wageuke, warudi walikotoka.

Kwa hivyo swali la Yeyo na la msee wa sindano ni moja, tu Yeyo alikuwa amelilipia na mbuzi.

Alitutoa nje akatuonyesha ng'ombe zake. Chapa ya ukoo imechomwa ubavuni, kubwa, laini chache nene, masikio yamekatwa kwa mtindo wao. "Hii lazima nisome ng'ombe akiwa kule," akanyoosha mkono kwa mti, "na anatembea." Nikajua hapo nimepata odijo wa stenseli. Akaniuliza pia ni upande gani, ju kwa Wamaasai kulia na kushoto si kitu ya kurusha sarafu. Koo zao zimegawanyika mara mbili: Odomong'i, watu wa maksai wekundu, upande wa kulia, na Orok-kiteng, watu wa ng'ombe mweusi, upande wa kushoto. Stori inasema ni wake wawili wa mzee mmoja, kila mmoja na upande wake wa lango. Hata tohara ya morani ilikuwa na ya mkono wa kulia na ya mkono wa kushoto. Mimi si Mmaasai, nikamwambia sina upande. Akasema kila mtu ana mguu wenye anatangulizanga.

Wangu ni wa kushoto. Nilijicheki nikishuka mat jioni hiyo.

Nikarudi juu ya kinyozi. Shavu la mguu wa kushoto, upande wa nje, nyama haikunji, jua ni kidogo, na hapo sijawahi vimba. Simba mzima, si kichwa tu, anatembea, laini nene, kiduku kimesimama, mahali pengi pameachwa ngozi tupu. Ameangalia mbele. Stenseli ilibandikwa mara tatu: ya kwanza alikuwa anapanda mlima, ya pili anateremka, ya tatu ndio akakanyaga chini. Masaa manne. Karibu na mfupa nililia kidogo, na Konyezo amelihifadhi hilo kwa vidio.

Nilipona, nikapanda tena Isinya nikiwa na kaptula. Nikamweleza Yeyo hesabu yote, vile nimepata jibu la swali lake: mnyama anaangalia kwenye mimi naenda. Asubuhi nikienda mboka tao, ameelekea kaskazini, anarudi mbuga. Jioni nikirudi keja, anarudi na mimi Kite.

"Na leo?" akauliza.

"Leo nimekuja kwako."

Aliangalia mguu, akaangalia mbuzi, akaangalia mguu tena. "Ero, siku ingine ukija hapa," akasema, "vaa suruali ndefu."