Mluzi wa turbo ya lori: upi ni wa kawaida, upi unaharibu

Turbo ya lori la dizeli ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye silinda huizungusha feni ya kwanza kabla ya kuelekea kwenye bomba la ekzosi. Feni ya pili, iliyo upande mwingine wa shafti, huvuta hewa kutoka kwenye filta na kuishindilia ndani ya injini. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905, na msingi wake haujabadilika: nguvu ambayo ingepotea na moshi hutumika kuongeza hewa, na hewa ikiongezeka, silinda ileile inaweza kuchoma dizeli nyingi zaidi.

Mtambo wa namna hiyo hauwezi kuwa kimya. Lori kubwa linapopanda mlima na mzigo, shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 80,000 kwa dakika, ilhali injini yenyewe haivuki sana mizunguko 2,000. Feni yenye kipenyo cha milimita 80 ikizunguka mara 90,000 kwa dakika, ncha za mapanga yake hukata hewa kwa mwendo wa karibu mita 377 kwa sekunde, na huo ni upesi kuliko sauti, ambayo husafiri mita 340 hivi.

Kinachosikika kama mluzi mmoja ni milio kadhaa iliyopandana. Mizunguko 90,000 kwa dakika ni 1,500 kwa sekunde. Feni ikiwa na mapanga 7, panga moja au jingine hupita mbele ya ukingo wa ganda mara 10,500 kila sekunde, na hapo hutoka sauti nyembamba sana, ambayo watu wazima wengi huisikia kwa shida. Chini yake kuna mlio wa mitetemo 1,500 kwa sekunde. Huo hutokana na uzito wa feni, kwa sababu hakuna feni iliyosawazishwa kwa ukamilifu usio na dosari hata kidogo. Mlio wa tatu ni mzito zaidi na asili yake ni oili. Shafti ya turbo haikai juu ya chuma cha beringi. Huelea ndani ya utando wa oili mwembamba kuliko sehemu ya kumi ya milimita, na utando huo nao huzunguka, tena polepole kuliko shafti, ukiitikisa kidogo. Milio yote mitatu imo ndani ya turbo nzima iliyotoka kiwandani.

Kwa hiyo swali la kama mluzi huharibu turbo lina jibu fupi: hapana. Sauti yenyewe haina nguvu ya kula chuma, na ukubwa wake si ushahidi wa ubovu. Kuna turbo zinazopiga kelele tangu siku ya kwanza na kudumu miaka, na nyingine zinazokufa karibu kimya kwa sababu oili ilikata ghafla. Lenye maana ni badiliko: mluzi ambao haukuwapo mwezi uliopita, au uliokuwapo ukapanda ghafla, au uliokuja pamoja na moshi na upungufu wa nguvu.

Hata badiliko lenyewe lahitaji kupimwa kwa akili, maana barabara nayo hubadilisha sauti. Lori linaloondoka bandarini Mombasa kwenda Malaba huanza usawa wa bahari, hupita Nairobi kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, kisha hupanda hadi zaidi ya mita 2,700 kwenye nyanda za Timboroa. Huko juu uzito wa hewa umepungua kwa karibu robo. Ili injini ipate kiasi kilekile cha hewa, turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na mluzi hupanda. Dereva mgeni wa njia hiyo anaweza kudhani kitu kimeharibika, kumbe mashine inafanya kazi iliyoundiwa. Malori mapya yana sababu nyingine ya kelele. Turbo zao nyingi zina pete inayobana au kupanua njia ya moshi, na pete hiyohiyo hutumika kama breki ya injini. Likiteremka mlima wa Kitonga kutoka Iringa, Tanzania, na breki hiyo imefungwa, lori kama hilo hulia kwa nguvu mguu ukiwa umeondoka kwenye resi, na hilo ni sawa kabisa.

Sauti moja, hata hivyo, ni uharibifu ukiwa kazini. Ni ile ya mfululizo wa mapigo, hu-hu-hu au kishindo kinachofanana na mbweko, inayotoka upande wa filta dereva anapoachia resi ghafla au kubadili gia huku turbo ikiwa imejaa. Wakati huo kasi ya injini hushuka na hitaji lake la hewa hupungua mara moja, lakini feni bado inazunguka kwa nguvu ileile. Hewa iliyoshindiliwa mbele hukosa pa kwenda. Shinikizo lake likishinda nguvu ya feni, hurudi nyuma kupitia mapanga yaleyale yaliyoisukuma; shinikizo likishuka, feni huishika tena na kuisukuma mbele, nayo hurudi tena. Mchezo huo hujirudia mara nyingi ndani ya sekunde moja.

Katika magari ya petroli jambo hili ni la kila siku, kwa sababu mlango wa hewa hufungwa kila resi inapoachiwa, na ndiyo maana mengi huwekewa valvu ya kupunguzia shinikizo. Injini nyingi za dizeli hazina mlango wa kubana hewa kwa namna hiyo. Resi ikiachiwa, dizeli hukatwa lakini silinda huendelea kumeza hewa, hivyo lori zima lisilochezewa halipaswi kubweka mara kwa mara. Likianza kubweka, kuna kitu kinachobana: filta ya hewa iliyojaa vumbi, njia za kipoza hewa zilizoziba, au pete ya turbo iliyoganda kwa masizi ikiwa imefungwa. Sababu nyingine ni mapenzi ya turbo kubwa. Injini ya zamani hufungwa turbo ya lori jingine kwa imani kwamba ukubwa ni nguvu, kumbe feni kubwa kwenye injini inayovuta hewa kidogo ndiyo njia rahisi ya kuitafuta hali hiyo.

Madhara yake huanzia kwenye beringi ndogo inayozuia shafti isisogee mbele na nyuma. Katika kazi ya kawaida shafti hubanwa kuelekea upande mmoja. Hewa inaporudi, mkandamizo hugeuka, kisha hugeuka tena, na utando wa oili hupigwa kutoka pande zote mbili. Mapanga nayo hupinda na kunyooka kila pigo. Mbweko mmoja hafifu wakati wa kubadili gia haui turbo yenye oili safi. Unaojirudia kila mlima, au unaoendelea huku resi imekanyagwa na mzigo uko nyuma, unaweza kumaliza beringi hiyo, feni ikagusa ganda, na mwisho mapanga yakavunjika.

Sauti za kuvuja hazitishi, na pengine ndiyo sababu hupuuzwa. Mpira wa hewa uliopasuka au klipu iliyolegea kati ya turbo na injini hutoa mfoko wa hewa unaoongezeka mzigo unapoongezeka. Kinachopotea kwanza ni hewa, kwa hiyo dizeli haiungui vizuri na moshi mweusi hutoka. Kisha, kwenye lori linalodhibitiwa na kompyuta, turbo huamriwa kuzunguka kasi zaidi ili kuziba pengo. Mpira wa bei ndogo unaweza hivyo kuiendesha turbo ya bei kubwa kupita kasi iliyotengenezewa, na chuma cha feni huchoka bila kutoa onyo. Uvujaji wa moshi kabla ya turbo, kwenye gasketi ya manifoldi, hutoa mlio wa tik-tik injini ikiwa baridi, na huacha alama nyeusi za masizi pale unapotokea.

Hapo afya ya dereva huingia moja kwa moja. Mwezi Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, IARC, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya mapafu. Moshi unaovuja kwenye manifoldi haufiki nyuma kwenye bomba. Hutoka chini ya kabini, mahali ambapo madereva wengi hulala wakiwa kwenye foleni za mpakani. Injini ikiachwa inaunguruma usiku ili feni ya kabini au kiyoyozi kifanye kazi, tik-tik hiyo si suala la matumizi ya dizeli tu.

Mlio unaofahamika zaidi kwa mafundi ni ule wa king'ora, unaopanda na kushuka pamoja na resi kama gari la polisi linalokuja. Kwa kawaida beringi imelika au feni haina uwiano tena, labda kwa sababu kokoto au kipande cha filta kiling'oa ncha ya panga. Ukifuatwa na mkwaruzo wa chuma kwa chuma, feni inagusa ganda na lori halipaswi kuendelea na safari. Chanzo mara nyingi ni oili: chafu, pungufu, au iliyochelewa kufika. Injini ikizimwa papo hapo baada ya mlima mrefu, shafti huendelea kuzunguka bila oili mpya huku joto la upande wa moshi likirudi kwenye beringi, na oili iliyobaki huungua ikawa makaa. Ndiyo maana watengenezaji wa injini kubwa hushauri kuiacha iungurume bila mzigo dakika 3 hadi 5 kabla ya kuizima, na kutokanyaga resi sekunde za mwanzo baada ya kuiwasha. Turbo ikifa kwa oili mbaya na kubadilishwa bila bomba la oili kusafishwa, mpya nayo itakufa kwa ugonjwa uleule.

Beringi iliyolika ina hatari iliyo kubwa kuliko gharama. Oili ikivuja kwenye ganda lenye joto kali inaweza kuwaka moto. Ikivuja upande wa hewa, injini huanza kuichoma kana kwamba ni dizeli, hupanda kasi yenyewe, na kuzima swichi hakusaidii kwa kuwa haitegemei tena dizeli ya tangi. Moshi wa bluu au mweupe hufunika barabara. Kinachoizima ni kuinyima hewa kwa kuziba mdomo wa bomba la hewa kwa ubao au bapa la chuma, kamwe si kwa kiganja. Au, kwenye gia za mkono, kuingiza gia kubwa, kushika breki na kuachia klachi. Ikishindikana, watu hukaa mbali, kwa sababu injini hiyo inaweza kupasuka.

Kipimo kinachotumika sana gereji, cha kutikisa shafti kwa vidole, hupotosha wengi. Turbo ikiwa imesimama, utando wa oili haupo na shafti hucheza kidogo kulia na kushoto; hilo ni la kawaida, na turbo nzima nyingi zimetupwa kwa sababu hiyo. Kinachotia shaka ni shafti inayosogea mbele na nyuma kiasi cha kuhisiwa kwa kidole, au feni inayogusa ganda ikisukumwa upande.

Sauti ya turbo ikishindwa kuharibu chuma, haishindwi kuharibu sikio. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, hushauri kelele isizidi desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda ukatwe nusu. Desibeli 94 ni saa moja tu, 100 ni robo saa. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini huruhusu hadi desibeli 90 kwa saa 8. Fundi anayeinamia injini yenye boneti wazi huku mwenzake akikanyaga resi yuko mahali pabaya kuliko dereva aliyefunga kioo.

Seli zenye vinywele ndani ya sikio, zinazogeuza mtetemo kuwa ujumbe wa neva, zikifa hazioti tena. Kelele huanza kwa kuua zile zinazopokea mitetemo 3,000 hadi 6,000 kwa sekunde, na pengo la kwanza huonekana karibu na 4,000. Eneo hilo limepakana na masafa ambamo milio mingi ya turbo inayoanza kupoteza uwiano husikika. Hivyo fundi mzoefu anayejivunia kutambua ubovu kwa sikio anaweza kuwa mtu wa mwisho kuusikia gerejini, na kijana anayeshika spana chini yake akawa wa kwanza. Kipimo cha usikivu hospitalini hulionyesha pengo hilo kabla mhusika hajaanza kuwaomba watu warudie walichosema. Viziba masikio hulizuia, na kwa aliyekwisha kupoteza masafa hayo, geji ya shinikizo la hewa iliyounganishwa kwenye manifoldi husoma afya ya turbo bila kutegemea sikio la mtu yeyote.