Je, Wajua? Ndoto ya Fundi wa Vioo

Katika The Kid, filamu ya vichekesho ya Charlie Chaplin ya mwaka 1921, fundi maskini wa kutia vioo madirishani anapotelewa na mtoto aliyemlea, anasinzia mlangoni kwake na kuota mtaa wao umekuwa mbinguni: kuta zimejaa maua, hata polisi ana mbawa. Kisha mashetani wanajipenyeza, wivu unazuka, na polisi anampiga risasi fundi, ambaye naye ndotoni ni malaika. Mwandishi J. M. Barrie alimweleza Chaplin kwamba ndoto hiyo haikuhitajika, kwani inakatiza hadithi.

Ni kweli inakatiza. Lakini bila hiyo mwisho ungekuwa mwepesi mno. Polisi anautikisa mwili wa malaika aliyeuawa, na papo hapo tunaona polisi halisi akimtikisa fundi aamke. Tunatazamia jela. Kumbe anapelekwa hadi jumba la mama mzazi wa mtoto, mtoto anamrukia, naye anakaribishwa ndani. Ni hofu ile ya ndotoni inayoufanya mlango huo, unapofunguliwa, ututoe machozi. Chaplin alipoitoa upya filamu mwaka 1971, alikata baadhi ya maonyesho ya mama huyo, ndoto akaiacha.