Kipaza sauti kipi? Msamiati wa kuboresha muziki wa gari

Magari mengi yanayotumika Tanzania na Kenya huagizwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na redio zake huja na masafa ya huko. Redio nyingi za magari hayo hupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu hutangaza kati ya 87.5 na 108. Mwenye gari huambulia stesheni chache tu. Ndiyo maana anayetaka kuboresha muziki wa gari lake (neno *muziki* hapa likimaanisha vyombo vyenyewe vya kutolea sauti) mara nyingi huanza kwa kubadilisha redio.

Redio mpya huja na kijitabu cha maelekezo. Mwanafunzi wangu mmoja wa tafsiri alikifasiri kijitabu cha namna hiyo, akaandika: "Unganisha kipaza sauti nyuma ya redio." Sarufi haikuwa na kosa. Nilipomwonyesha fundi wangu sentensi hiyo, aliisoma mara mbili, kisha akauliza: "Mwalimu, kipaza sauti kipi? Cha kusemea au cha kutolea sauti?"

Swali hilo si la mzaha. Redio nyingi za sasa zina vyote viwili: maikrofoni ndogo ya kuzungumzia simu, na nyaya za spika zilizomo milangoni. Tundu la maikrofoni hupokea umeme mdogo mno. Nyaya za spika hutoa umeme mkubwa zaidi. Anayevichanganya anaweza kuunguza kifaa.

Muundo wa neno

*Kupaza* ni kufanya kitu kipae. *Kupaza sauti* ni kuiinua. Kiambishi *ki-* huunda jina la kifaa. Kwa kufuata maana hiyo, maikrofoni haipazi chochote: hugeuza mawimbi ya sauti kuwa ya umeme. Spika hufanya kinyume chake. Kifaa kinachoukuza umeme huo kabla haujafika kwenye spika ni amplifaya, nacho ndicho kingestahili zaidi jina la *kipaza sauti*. Hata hivyo, wasemaji wamekwisha kuamua vingine. Mkutanoni, kipaza sauti ni kile kilicho mkononi mwa mzungumzaji. Msikitini, ni kile kilicho juu ya mnara. Katika mazungumzo muktadha hutuokoa. Katika kijitabu cha ufundi, msomaji hana muktadha zaidi ya sentensi iliyo mbele yake.

Mapendekezo ya matumizi

*Maikrofoni*: kifaa cha kusemea. Tumia neno hili kila mahali ambapo spika pia inatajwa.

*Spika*: kifaa cha kutolea sauti. Upatanisho wake ni wa ngeli ya I-ZI: "Spika imeungua." Tusiichanganye na Spika wa Bunge, ambaye ni mtu: "Spika ameahirisha kikao."

*Amplifaya* au *kikuza sauti*: chagua moja na ulitumie hadi mwisho wa matini.

*Sabufa*: katika ufundi wa magari, ni spika ya sauti nzito sana, aghalabu zilizo chini ya hezi 100. Nyumbani, wengi huita *sabufa* seti nzima ya muziki, pamoja na spika zake ndogo. Mfasiri aseme "spika ya sabufa" panapokuwa na shaka.

Funga na fungua

Vitenzi hivi ni hatari kuliko nomino. *Kufunga redio* kwa fundi ni kuipachika mahali pake. Kwa wasemaji wengine ni kuizima. *Kufungua redio* ni ama kuilegeza skrubu, ama kuiwasha. Sentensi "Fungua redio kisha ukague nyaya" inaweza kumfanya mtu ashike nyaya zenye umeme. Tutumie *washa* na *zima* kwa umeme, *unganisha* na *tenganisha* kwa nyaya, na *funga* na *fungua* kwa skrubu tu. Kwa mfano: "Zima gari. Tenganisha waya wa hasi kwenye betri. Fungua skrubu za redio. Unganisha nyaya za spika, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi."

Kubwa, nzito, yenye nguvu

Sauti *kubwa* ni kinyume cha *ndogo*. Sauti *nzito* ni kinyume cha *nyembamba*. Besi ni nzito, lakini inaweza kuwa ndogo. Kosa jingine ni kulinganisha nguvu na ukubwa wa sauti. Amplifaya ikiongezwa kutoka wati 50 hadi 100, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu. Ili sikio liione kana kwamba imekuwa maradufu, huhitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara 10. Kwa hiyo maelezo ya "nguvu maradufu" yasifasiriwe kuwa "sauti maradufu". Anayenunua kwa kuamini tafsiri hiyo atakuwa amedanganywa, hata kama muuzaji hakukusudia.

Mwanafunzi wangu alirekebisha sentensi yake ikawa: "Chomeka maikrofoni kwenye tundu lake nyuma ya redio." Maneno yameongezeka kidogo, na fundi hakuuliza tena. Kwa walimu wa tafsiri, hicho ni kipimo kizuri cha matini za ufundi: je, mtu aliyeshika bisibisi, akisoma sentensi hii mara moja, atajua ashike waya upi?