Udongo wa Miche Tuuchanganye Wenyewe

Mkulima anapanda mbegu za mipapai katika makopo. Mbegu zinaota vizuri. Baada ya wiki mbili miche inaanza kulala chini, mmoja baada ya mwingine. Wengine husema mbegu zilikuwa mbaya. Wengine husema ni bahati mbaya. Mara nyingi kosa liko katika udongo.

Mche ulio shambani ukikosa maji juu, mizizi yake huyatafuta chini. Mche ulio ndani ya kopo hauna pa kwenda. Chakula chake, maji yake na hewa yake vyote vimo katika kopo lile. Kwa hiyo udongo wa kopo lazima uwe bora kuliko udongo wa shamba. Udongo huo tunaweza kuuchanganya wenyewe nyumbani.

KAZI TATU ZA UDONGO

Udongo wa miche una kazi tatu. Kwanza, ushike maji ili mche usikauke. Pili, upitishe maji ya ziada, ili hewa iingie. Mizizi hupumua, na ikikosa hewa huoza. Tatu, uulishe mche.

Hakuna kitu kimoja kinachofanya kazi zote tatu vizuri. Ndiyo maana tunachanganya vitu vitatu: udongo wa juu, mchanga, na samadi au mboji.

UDONGO WA JUU

Chimba udongo mweusi wa juu, usizidi kina cha sentimita 15. Mahali pazuri ni chini ya miti ambapo majani yameoza kwa muda mrefu. Usichukue udongo mahali palipokuwa na nyanya, bilinganya, viazi mviringo au tumbaku. Mazao hayo huacha magonjwa na minyoo ya mizizi katika udongo.

MCHANGA

Tumia mchanga wa mtoni. Mchanga wa pwani ya bahari una chumvi, nayo huua miche. Mchanga ukikosekana, tumia makapi ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi, lakini yasifike kuwa majivu.

SAMADI MBICHI NI MOTO

Samadi mbichi huunguza mizizi. Samadi ya kuku ni kali zaidi. Irundike kivulini, inyunyizie maji kidogo, uifunike kwa majani ya mgomba. Igeuze kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya miezi mitatu hivi huwa imeoza.

Utajuaje kuwa imeoza? Chomeka fimbo katikati ya rundo. Baada ya dakika 10 ichomoe, uishike. Ikiwa ya moto, rundo bado linaoza. Ikiwa baridi, tazama samadi yenyewe. Samadi iliyo tayari ni nyeusi, inavunjikavunjika, na inanukia kama udongo wa msituni baada ya mvua. Ikinuka vibaya, ngoja.

Usitumie kinyesi cha watu, mbwa wala paka. Funika vidonda vyako kabla ya kushika samadi, maana vijidudu vya pepopunda hukaa humo. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni.

KIPIMO

Anza na kipimo hiki:
Udongo wa juu madebe 3
Mchanga debe 1
Samadi iliyooza au mboji debe 1

Kama huna debe, tumia ndoo, karai au kopo. Chombo kiwe kile kile kwa vitu vyote.

Udongo haufanani kila mahali. Udongo mweusi wa mbugani hunata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Huo uongezewe mchanga: udongo 2, mchanga 2, samadi 1. Udongo wa kichanga, kama ule wa sehemu nyingi za pwani, hauhitaji mchanga mwingine. Changanya udongo 3 na samadi 2.

Chekecha kila kitu, uondoe mawe, mizizi na vigae. Changanya kwa koleo. Hamisha rundo lote kutoka upande mmoja hadi mwingine mara tatu, mpaka rangi iwe moja.

UPIME KWA MKONO

Lowanisha udongo kidogo. Chota mkononi, ufinye, kisha fungua mkono.

Donge likivunjika lenyewe, mchanga umezidi. Likibaki gumu hata ukilisukuma kwa kidole, mfinyanzi umezidi. Likishikamana, lakini likapasuka unapoligusa, udongo wako ni mzuri.

Kisha jaribu kwa maharage. Chukua makopo mawili. Moja litie udongo wako uliochanganywa. La pili litie udongo wa kawaida. Panda maharage matano katika kila kopo. Ngoja siku 10. Maharage ya kopo la kwanza yakishindwa kuota, au majani yake yakiungua kingo, samadi haijaiva. Ni afadhali kupoteza maharage matano kuliko kupoteza miche yote.

KUJAZA MAKOPO

Toboa matundu manne chini ya kopo. Jaza udongo, gongagonga kopo ili utulie. Acha sentimita 2 juu kwa ajili ya maji. Panda, kisha weka makopo kwenye kivuli chepesi.

Mwagilia asubuhi, tena kwa kiasi. Udongo ukilowa mno, huleta ugonjwa wa kinyausi. Shina la mche huoza pale linapogusa udongo, na mche hulala chini. Mche ulioanguka hivyo haufufuki. Ung'oe pamoja na udongo wake, uutupe mbali.

FAIDA YAKE

Mparachichi uliopandwa kwa mbegu huweza kuchukua miaka 5 au zaidi kabla ya kuzaa. Mche wake ukifa kitaluni, umepoteza mbegu, kazi na msimu mzima. Ukipona lakini mizizi yake ikawa mibovu, mti utakuwa dhaifu kwa miaka mingi. Udongo, mchanga na samadi vipo karibu na nyumba zetu. Kinachotakiwa ni kupima, kuchanganya na kuwa na subira ya miezi mitatu. Basi rundo la samadi lianze leo, kabla ya kutafuta mbegu.

MASWALI

1. Taja kazi tatu za udongo wa miche.
2. Kwa nini hatutumii mchanga wa pwani ya bahari?
3. Fimbo inatuonyesha nini katika rundo la samadi?
4. Unataka kuchanganya madebe 10 kwa kipimo cha 3, 1 na 1. Utahitaji madebe mangapi ya udongo, ya mchanga na ya samadi?
5. Zungumzeni darasani: udongo wa kijiji chetu ni wa aina gani? Tuuongezee nini?