Ugonjwa wa Kusahau Uzeeni: Kwa Nini Mtafiti Abishe Hodi Kila Nyumba

Demenshia ni jina la jumla la maradhi yanayoudhoofisha ubongo, aghalabu uzeeni, hata mtu akashindwa kukumbuka, kufikiri na kujitunza kama alivyozoea. Uzee pekee hauleti hali hiyo. Bibi anayesahau alikoweka kiko chake huenda hana ugonjwa wowote; lakini yule anayepotea njia ya kisima alichochota maji kwa miaka arobaini anahitaji kuchunguzwa.

Mwaka 2009 na 2010 watafiti walifanya uchunguzi katika vijiji sita vya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Walipimwa wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na 78 kati yao wakathibitishwa kuwa na demenshia. Hesabu iliposawazishwa kwa umri, kiwango kilikuwa asilimia 6.4.

Je, mwanafunzi wa Sumbawanga aichukue asilimia hiyo na kuizidisha kwa idadi ya wazee wa Mkoa wa Rukwa? La. Maradhi haya hayawapati watu wote kwa kadiri moja. Uchunguzi uliolinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, uliotangazwa mwaka 2001, ulionyesha kuwa kila mwaka demenshia iliwapata asilimia 1.35 ya wazee wa Ibadan na asilimia 3.24 ya wale wa Indianapolis. Ikiwa watu wenye asili inayokaribiana hutofautiana hivyo, haifai kulisemea eneo moja kwa takwimu za jingine.

Tena Ufipa yenyewe si kitu kimoja. Juu ya uwanda wako Wafipa wakulima. Upande wa Kalambo wako Wamambwe na Walungu. Chini, katika Bonde la Ziwa Rukwa, wamehamia wafugaji wa Kisukuma. Na pwani ya Ziwa Tanganyika, Kirando na Kasanga, wako wavuvi. Mtafiti atakayetoa tangazo lake kanisani Sumbawanga mjini na kuwangoja wazee zahanatini atapata watu wengi, lakini hatakuwa ameipata Ufipa.

Kosa hilo laweza kukokotolewa. Tuchukue kijiji cha kubuni chenye wazee 100, kumi kati yao wakiwa wagonjwa. Wazima 63 kati ya 90 wanafika zahanatini. Wagonjwa wanafika watatu tu, kwani saba hawawezi kutembea peke yao, au jamaa zao wanaona haya. Mtafiti atahesabu watatu kati ya 66, yaani asilimia 4.5, ilhali ukweli ni asilimia 10. Kuongeza vijiji vingine vya namna hiyo hakuponyi kosa.

Kipimo nacho huchagua watu. Mtu ambaye hajapata kushika kalamu akiambiwa anakili mchoro, anapimwa shule aliyoikosa. Kwa hiyo huko Hai kilitengenezwa kipimo kifupi ambamo mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na hukumbuka maneno aliyosomewa. Bibi aliyezoea Kifipa aulizwe kwa Kifipa. Akiulizwa kwa Kiswahili, kinachopimwa ni Kiswahili chake. Umri usioandikwa popote nao hutafutwa kwa matukio: wakati wa Uhuru, mwaka 1961, alikuwa akinyonya, akichunga, au ameolewa?

Lakini jambo zito kuliko yote ni usalama wa wazee. Jina la Sumbawanga lenyewe hufasiriwa kuwa ni kutupa uchawi, na katika sehemu nyingi za nchi yetu bibi anayetangatanga usiku au kusema maneno yasiyoeleweka hudhaniwa mchawi. Mtafiti akimwomba mwenyekiti wa kitongoji amwonyeshe nyumba za wazee waliochanganyikiwa, kisha gari likasimama kwenye nyumba hizo tu, kijiji kizima kitakuwa kimesomewa orodha. Nyumba zote zenye wazee zikitembelewa, hakuna inayonyooshewa kidole. Hapa hesabu sahihi na ulinzi wa mzee vinadai utaratibu ule ule, jambo ambalo si la kawaida katika utafiti.

Ridhaa huombwa kwa lugha ya nyumbani, na asiyejua kuandika hutia dole gumba mbele ya shahidi. Kwa aliyekwisha kupoteza uwezo wa kuamua, huombwa jamaa wa karibu. Hata hivyo, mzee mwenyewe akionyesha kutotaka, aachwe. Anayekataa hasumbuliwi, wala nafasi yake haijazwi na jirani aliye tayari. Huhesabiwa kuwa amekataa, ili mwishoni ijulikane ni wangapi hawakupimwa, na katika vijiji gani.