Majina ya Waandishi Wetu na Kupatikana kwa Vitabu Vyao Maktabani

Katika miaka ya karibuni jiji la Nairobi limejipatia desturi ya matamasha ya fasihi. Tamasha la Macondo lilianza mwaka 2019, na mwaka huo liliwapa nafasi ya mbele waandishi wa nchi za Kiafrika zitumiazo Kireno. Shirika la Book Bunk nalo, ambalo limejishughulisha na ukarabati wa Maktaba ya McMillan pamoja na zile za Kaloleni na Makadara, limeandaa tamasha lake ndani ya maktaba zenyewe. Watu huja, husikiliza, hununua kitabu kimoja kama mfuko waruhusu, kisha huondoka na majina matano sita ya waandishi ambao hawakuwa wakiwajua. Aliye mwanafunzi au mwalimu huenda maktabani siku ya pili. Makala haya yahusu yale yanayompata huko.

Aghalabu huambiwa, au hujiambia mwenyewe, kwamba kitabu hakipo. Nathubutu kusema kwamba mara nyingi kipo. Kilichopotea ni njia ya kukifikia, nayo hupotea mahali pawili: katika jina la mwandishi, na katika namba iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu. Mahali pa kwanza ndipo penye mambo mengi, nami nitakaa hapo zaidi.

Katalogi zitumiwazo vyuoni mwetu, ziwe za kadi kama zamani au za kompyuta kama sasa, zilijengwa juu ya dhana kwamba kila mtu ana jina la ukoo, na kwamba jina hilo huja mwisho. Desturi ya Waswahili ni nyingine. Mtu ana jina lake, kisha la babake, kisha la babu yake. Ukimwita kwa lile la mwisho peke yake, umemwita babu. Mkutubi aliyefunzwa kugeuza majina ayageuza haya pia, na matokeo yake ni kwamba Shaaban Robert, ambaye wasomaji wote humjua kwa majina mawili pamoja, katika orodha moja yuko chini ya herufi R na katika nyingine chini ya S. Msomaji aliyetazama R tu katika orodha ya pili ataondoka akiamini kwamba maktaba haina Kusadikika.

Tuwachukue Wazanzibari watatu, wote mabingwa wa riwaya: Mohamed Said Abdulla, aliyetoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, Mohamed Suleiman Mohamed, mwenye Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976), na Said Ahmed Mohamed, mwenye Asali Chungu (1977) na Utengano (1980). Yakisha kugeuzwa na kufupishwa, wa kwanza huwa Abdulla, M. S., wa pili Mohamed, M. S., na wa tatu Mohamed, S. A. Wawili wana herufi za mwanzo zilezile, na wawili wana jina la mwisho lilelile. Aliyemsikia mzungumzaji jukwaani akimtaja “Mohamed Said” tu, hana budi kukisia. Fauka ya hayo, jina moja huendelezwa Mohamed, Mohammed au Muhammed, na Abdulla huweza kuwa Abdalla au Abdallah. Kompyuta haijui kwamba hayo ni jina moja. Hapa sina budi kuisifu droo ya kadi, ingawa wengi waliiacha bila majonzi: jicho lililokuwa likipita juu ya kadi liliyaona majina jirani, na msomaji akajirekebisha mwenyewe.

Wako pia waliobadilisha jina au wanaotajwa kwa namna zaidi ya moja. Mwandishi wa Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979) huitwa Shafi Adam Shafi mahali pengine, na Adam Shafi mahali pengine. Weep Not, Child (1964), The River Between (1965) na A Grain of Wheat (1967) zilitoka mara ya kwanza kwa jina la James Ngugi. Petals of Blood (1977) ikatoka kwa jina la Ngugi wa Thiong’o, na ndilo alilofariki nalo Mei 2025. Nakala ya zamani na nakala mpya ya riwaya ileile zaweza kukaa mbalimbali katika katalogi moja iwapo hakuna aliyeziunganisha. Ahmad Nassir wa Mombasa ni mfano ulionigusa mimi mwenyewe. Mashairi yake yaliyofasiriwa na Lyndon Harries yalichapishwa mwaka 1966 kwa jina la Ahmad Nassir bin Juma Bhalo. Malenga wa Mvita ikafuata mwaka 1971 kwa jina la Ahmad Nassir tu. Mwanafunzi wangu mmoja alitafuta Malenga wa Mvita chini ya Bhalo, akajibiwa kwamba hakuna, akabadilisha mada ya tasnifu yake. Kitabu kilikuwa chini ya Nassir, rafu mbili kutoka pale aliposimama.

Isidhaniwe kwamba kanuni za wakutubi ndizo zenye lawama. Kanuni za Kiingereza na Kimarekani za mwaka 1978 zilikwisha kuagiza kwamba mwandishi aingizwe kwa jina analojulikana nalo zaidi, na kwamba msomaji aelekezwe huko kutoka kwa majina mengine kwa neno “tazama”. Lililopungua ni kazi ya kuandika maelekezo hayo, na kazi hiyo yamtaka mtu awajuaye waandishi. Mkutubi hawezi kubuni kwamba Bhalo na Nassir ni mtu mmoja. Sisi tunaofundisha fasihi twajua, na mara chache tumekwenda kumwambia.

Sasa namba. Maktaba za umma hutumia zaidi mpango wa Dewey, ambao huigawa fasihi kwa lugha iliyotungiwa, wala si kwa nchi ya mtungaji. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392, na riwaya ya Kiingereza ni 823. Ngugi hukaa basi katika rafu mbili: Petals of Blood katika Kiingereza, na Caitaani Mũtharaba-inĩ (1980) katika fasihi ya lugha za Kiafrika pamoja na vitabu vingine vya Gĩkũyũ. Mwandishi wa Msumbiji kama Mia Couto yuko 869, karibu na washairi wa Ureno, hata kama kitabu ulichokishika ni tafsiri ya Kiingereza. Sababu ni kwamba tafsiri hufuata lugha ya asili. Kwa hiyo Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi (1969), ambazo Julius Nyerere alizitia katika Kiswahili fasaha, hutafutwa kwa Shakespeare, penye 822.33. Vivyo hivyo Peponi, tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2021, kwa kanuni hii haitakutwa miongoni mwa riwaya za Kiswahili. Vyuo vikuu vitumiavyo mpango wa Maktaba ya Bunge la Marekani vina namba nyingine, PL8704 kwa fasihi ya Kiswahili na PR9381 kwa Kiingereza cha Kenya, lakini mantiki haitofautiani sana. Atafutaye kwa mada akumbuke kwamba vichwa vya mada vimeandikwa kwa Kiingereza, na lugha yetu imo chini ya S, si K.

Njia iliyo nyepesi kuliko zote ni anwani ya kitabu. Kiswahili hakina vibainishi kama vile vya Kiingereza au Kifaransa vya kurukwa mwanzoni, na neno la kwanza la anwani ndilo la kwanza katika orodha. Tahadhari ni moja: jaribu utenzi na utendi.

Kwa upande wetu, idara ingeweza kuichukua ratiba ya tamasha wiki chache kabla, ikaandika mbele ya kila mwandishi majina yake yote kama yanavyoonekana kwenye majalada, lugha aliyotungia, na anwani mbili tatu, kisha ikampelekea mkutubi. Karatasi hiyo ingefaa iwataje hata wasioweza kualikwa. Muyaka wa Mombasa hatapanda jukwaani, lakini hutajwa katika mazungumzo mengi juu ya ushairi, na anayetoka hapo kumtafuta hana budi kutazama pia chini ya A, kwa Mohamed Hassan Abdulaziz, aliyeyatolea mashairi yake kitabu mwaka 1979, na chini ya H, kwa Hichens, mhariri wa diwani ya mwaka 1940.