Ova 2.5: Ukiweka shilingi 100, unahitaji kushinda mara ngapi?

Kama wewe ni shabiki wa mpira, bila shaka umesikia watu wakisema, "Mimi nimeweka ova 2.5." Wacha tuifafanue, halafu tupige hesabu ya pesa inayotoka kwa simu yako.

Ova 2.5 inamaanisha mechi itakuwa na mabao 3 au zaidi, haijalishi ni nani amefunga. Anda 2.5 ni mabao 2 kushuka chini. Ile nusu imewekwa ili lazima upande mmoja ushinde, kwa sababu hakuna timu inayofunga nusu bao.

Mabao gani yanahesabiwa?

Kwa kawaida ni ya dakika 90 pamoja na dakika za majeruhi. Muda wa ziada na matuta havimo. Kumbuka fainali ya Kombe la Dunia ya 2022. Hadi dakika ya 79, Argentina iliongoza Ufaransa 2-0, na mwenye anda 2.5 alikuwa ametulia. Dakika ya 80 Mbappé akafunga penalti, na muda mfupi baadaye akasawazisha. Mechi iliisha 3-3 baada ya muda wa ziada, lakini dakika 90 zilikuwa 2-2. Kwa hivyo aliyeweka ova 4.5 alipoteza, ingawa mabao yalikuwa 6.

Odi inasema nini?

Tuseme ova na anda zote zina odi ya 1.85. Gawanya 100 kwa 1.85, utapata 54. Yaani kila upande umepewa uwezekano wa asilimia 54. Jumlisha pande zote mbili: 108. Uwezekano halisi hauwezi kuzidi 100. Hizo 8 za juu ndizo riziki ya kampuni ya kubeti.

Marekani kuna masoko ya utabiri kama Kalshi, ambapo watu huuziana "ndiyo" na "hapana" kwa senti, na jibu sahihi hulipa dola 1. Bei ya senti 54 ni sawa na asilimia 54. Jina ni tofauti, lakini bei inasomwa vilevile.

Sasa ongeza ushuru

Sheria ya Fedha ya 2025 inatoza asilimia 5 ya pesa unayoweka kwenye akaunti ya kubeti, na asilimia 5 ya unayotoa. Ukiweka shilingi 100, zinabaki 95. Ukishinda kwa odi ya 1.85, unapata karibu 176. Ukizitoa zote, mkononi zinafika kama 167. Ili tu urudishe pesa yako, itabidi ushinde karibu mara 60 kati ya 100, kwa jambo ambalo odi zenyewe zinaonyesha ni nusu kwa nusu.

Kabla hujabonyeza Tuma

- Weka tu pesa ambayo ukiikosa, kodi ya nyumba na karo haziguswi.
- Usikope kwa simu ili ubeti. Mkopo una ada yake, hata timu yako ikishinda.
- Mtu akikuuzia "mechi ya uhakika" na kukuambia utume pesa kwa nambari yake binafsi, usitume. Angekuwa na uhakika huo, hangehitaji mia mbili zako.
- Kubeti ni kwa waliofikisha miaka 18. Usimwachie mtoto simu wala PIN yako.